Chati na michoro ya darasani: tupeane uzoefu

Chaki Nyeupe
Walimu wenzangu, tupeane mbinu za chati. Naanza na kukuza mchoro kutoka kitabuni, maana hapo ndipo moyo wa binadamu unapogeuka embe dodo.

Tandaza nailoni angavu juu ya ukurasa, uichore miraba ya sentimita 1. Kwenye manila chora miraba ya sentimita 5 kwa penseli, mkono mwepesi ili ifutike. Safu za kulala zipe herufi, za kusimama namba, kotekote. Hapo sahau kwamba unachora moyo. Angalia mraba B3 tu: mstari unaingilia wapi, unatokea wapi. Ukimaliza hamia B4. Mchoro wa sentimita 10 kwa 12 utatoka 50 kwa 60, na manila ya kawaida itabakiwa na nafasi ya majina pembeni.

Miraba ikipinda, kosa ni la rula ya sentimita 30 kusogezwa mara mbili tatu kwa kukisia. Weka alama kwenye kingo zote mbili kwanza, ndipo uunganishe.

Mama Kontua
Wa ramani mjihadhari: ukikuza kwa miraba hiyo, skeli ya uwiano inabadilika. Kipande cha ramani ya 1:50,000 kikikuzwa mara 5 kinakuwa 1:10,000. Ukinakili ile ya zamani, mwanafunzi atapima sentimita 10 akuambie kilomita 5, kumbe ni kilomita 1, na hesabu yake haina kosa! Nakili skeli ya mstari, ule mstari uliogawanywa kwa kilomita, kwa miraba ileile. Yenyewe inakua pamoja na ramani.

Fundi Viroba
Manila haimalizi mwaka kwenye darasa lisilo na madirisha. Chukua kiroba cheupe cha kilo 50, fumua mshono wa chini, pasua ubavu mmoja, kisha osha kwa sabuni. Unga ukibaki kwenye nyuzi, panya watakula somo. Kikikauka kilaze chini ya godoro usiku mmoja kinyooke; pasi ya moto inakikunyata. Kingo zinafumuka, kwa hiyo kunja sentimita 2 ushone.

Chora upande usio na nembo, kwa maka peni ya wino wa kudumu. Ile ya ubao mweupe inafutika kwa kiganja. Vuta mstari kwa mkupuo mmoja, kwani ukisita wino unasambaa kufuata nyuzi. Kisha ufito juu wa kuning'inizia, ufito chini upepo usikipeperushe. Baada ya kipindi kiviringishe, usikikunje: penye kunjo wino hubanduka.

Mwalimu wa Baiolojia
Nirudi kwenye huo moyo. Upande wake wa kulia unachorwa kushoto kwa anayetazama, na darasa zima hukwama hapo. Shika chati kifuani ukiwatazama wanafunzi, waone kulia kwa moyo kumeangukia mkono wako wa kulia. Halafu andika KULIA na KUSHOTO kwenye chati yenyewe.

Rangi nazo zina mtego. Bluu ya vitabuni inawaaminisha watoto kwamba tuna damu ya bluu; waambie ni nyekundu iliyokoza. Wengine wanakariri kuwa ateri ni nyekundu, basi wakifika kwenye ateri ya mapafu, iliyopakwa bluu, wanaiita vena. Kinachoamua ni mwelekeo: ateri inatoa damu moyoni, vena inairudisha. Mishale iwe minene kuliko mistari ya mchoro. Na ukuta wa ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya kushoto uuchore mnene kuliko wa kulia, maana unasukuma damu mwili mzima. Wengi wanachora sawasawa kwa kupenda ulinganifu.

Mzee wa Dawati la Nyuma
Mnasahau sisi wa nyuma. Kwa darasa la mita 8, herufi ziwe na kimo cha sentimita 4, nyeusi au bluu. Njano kwenye manila nyeupe ni sawa na kutoandika.

Majina usiyaandike kwenye mchoro. Yaandike kwenye vipande vya kadi, mchoroni ubaki na mistari yenye namba, kila sehemu ipate kadi yake pale inapofundishwa. Ukibandika yote mwanzo, wananakili huku wewe unaeleza, hakuna anayekusikiliza. Kipindi kijacho wape kadi wazirudishe wenyewe. Aliyechanganya aurikali, vyumba vya juu vya moyo, na ventrikali utamjua palepale.

Chaki Nyeupe
Hapo kwenye kadi sawa kabisa, mzee. Kwenye kiroba zinashikwa vizuri na pini za kushonea. Zihesabiwe tu kabla darasa la tatu hawajaingia kukalia hayo madawati.