Kusomea ubunifu wa mitindo na biashara ya mavazi: ada ya chuo au cherehani ya fundi?

Mzazi wa Tabata
Ndugu zangu, naombeni ushauri wenu. Binti yangu amemaliza kidato cha sita na hataki kusikia habari za uhasibu niliomchagulia. Anataka kusomea ubunifu wa mitindo na biashara ya mavazi kwa miaka mitatu katika chuo cha binafsi hapa Dar es Salaam, na ada ya mwaka mmoja inazidi mshahara wangu wa miezi minne. Dada yangu, ambaye ameshona nguo tangu tukiwa wadogo, anasema fedha hiyo inatosha kununua cherehani mbili za umeme na ovaloki moja ya kufunga kingo za nguo, na bado ikabaki ya kulipia fremu. Ninachouliza ni hiki: chuo kinampa mtoto kitu gani ambacho hawezi kukipata kwa kukaa miaka miwili kando ya fundi mzuri?

Mhasibu wa Mwenge
Ndugu mzazi, mtoto aliyefika kidato cha sita hapaswi kurudishwa kwenye kazi ambayo tangu zamani tumewaachia waliofeli darasa la saba. Kama ni lazima asomee nguo, basi asome digrii yenye sayansi ndani yake, kama ile ya ubunifu na teknolojia ya nguo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ili kesho aajiriwe kiwandani. Kushona atawalipa watu wamshonee.

Fundi wa Kariakoo
Nilikuwa nimeanza kumjibu mzazi, lakini maneno ya Mhasibu yamenikaa kooni. Mimi nilimaliza darasa la saba na nilifaulu. Kilichokosekana ni ada na nauli ya kwenda shule ya bweni niliyochaguliwa. Cherehani hii hii imewasomesha watoto wangu watatu, na mmoja wao leo ni muuguzi. Suti anayoivaa Mhasibu, kama inamkaa mabegani bila kuvuta, ni kwa sababu kuna mtu aliyemtazama amesimama, akaona kwamba bega moja limeshuka kuliko jingine, akaikata nguo kwa kulifuata bega lile. Jicho la namna hiyo halitolewi pamoja na cheti.

Na kwa kuwa tumefika kwenye vyeti, nitasema niliyoyaona. Mwaka jana nilimpokea kijana mwenye diploma ya mitindo, mwenye michoro mizuri kuliko yote niliyowahi kuiona. Nikampa kitenge cha mteja, yadi sita, chenye picha za ndege, akate gauni la sendofu. Alikikunja vibaya, akakata, na tulipounganisha vipande, upande wa kulia ndege walikuwa wanaruka na upande wa kushoto wanaanguka vichwa chini. Nilikinunua kitenge kingine kwa fedha yangu na nikalala dukani siku mbili ili mama wa watu asiaibike. Hiyo ndiyo diploma yenyewe.

Mwalimu wa Ushonaji
Kaka Fundi, nakuheshimu, lakini hukumu hiyo siikubali. Nafundisha ushonaji, na wanafunzi wangu hukata karatasi kwanza, kisha kitambaa rahisi cha marekani, na hawagusi kitenge mpaka nimeridhika kwamba wanajua nyuzi zinakwenda upande gani na picha inatazama wapi. Kijana aliyepewa kitambaa cha mteja bila kusimamiwa ameangushwa na watu wawili, yaani mwalimu wake wa zamani na wewe.

Kuna kazi ambayo jicho la fundi peke yake haliiwezi. Shule ikitaka sare 300, fundi aliyezoea mteja mmoja mmoja atawapima watoto wote 300, atakata suruali 300 zisizofanana, na muda utamwishia akiwa nusu ya njia. Aliyefundishwa huchora patani moja ya msingi, yaani kiolezo cha kukatia, akaikuza na kuipunguza mpaka akapata saizi sita au saba, akapanga vitambaa tabaka kwa tabaka na kukata mara moja. Haya hayafundishwi kwenye vyuo vikuu peke yake, maana VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, nayo ina kozi ya ubunifu, ushonaji na teknolojia ya nguo, yenye ngazi tatu, na ada yake haifanani na hiyo anayoitaja mzazi.

Muuza Vitenge
Mnazungumza habari za vyuo wakati wakubwa wa fani hawakuvipitia. Aliyeanzisha maonyesho ya mitindo ya Swahili Fashion Week hakusoma chuo chochote, na jukwaa lake limewatoa wabunifu wangapi?

Mpwani wa Athi River
Hapo umekosea, ndugu yangu. Mustafa Hassanali, aliyeanzisha jukwaa hilo mwaka 2008, alisomea udaktari.

Mhasibu wa Mwenge
Kumbe daktari! Basi ushahidi huo ni wangu, kwa sababu ni msomi.

Fundi wa Kariakoo
Msomi wa udaktari, siyo wa mitindo. Na bado unanidai jibu ilhali mimi ndiye ninayekudai: hao waliofeli darasa la saba ni akina nani?

Mpwani wa Athi River
Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimesoma ubunifu wa mitindo na uuzaji katika chuo kikuu hapa Kenya, na nafanya kazi katika kiwanda cha nguo za kuuza nje kwenye EPZ, eneo maalumu la viwanda vya kuuza nje. Naona mmegawanyika juu ya kushona na kuchora, na neno la pili la kozi yenyewe, yaani biashara, hakuna aliyeligusa.

Oda ikiingia, mimi ndiye ninayekaa kati ya mnunuzi aliye ng'ambo na mafundi walio sakafuni. Kazi yangu ni kujua gauni moja linakula kitambaa kiasi gani, uzi kiasi gani, zipu na vifungo vinatoka wapi na vitafika siku gani, mshono mmoja unachukua dakika ngapi, na baada ya hayo yote bei gani haitatutia hasara. Nikipanga vipande vya patani vizuri juu ya kitambaa, nikaokoa sentimita 3 kwa kila gauni, basi kwenye magauni 4,000 nimeokoa mita 120, na mita hizo ndizo faida yetu. Vifungo vikichelewa wiki moja, mzigo unakosa meli, tunalazimika kuusafirisha kwa ndege, na oda nzima inageuka hasara. Sikujifunza haya kwa kukaa kando ya cherehani, na sidhani kama ningeweza. Dada yetu huyo wa kidato cha sita, kama hesabu anaziweza, pengine uhasibu ambao baba yake anautaka na mavazi anayoyataka mwenyewe vinakutana hapa hapa.

Mhasibu wa Mwenge
Maelezo yako ni mazuri, lakini ninyi Wakenya mlifunguliwa soko la Marekani mwaka 2000 kupitia AGOA, sheria yao ya kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, sisi tuna mitumba. Marais wa Afrika Mashariki walikubaliana mwaka 2016 kuiondoa hatua kwa hatua. Rwanda ilipopandisha ushuru na kushikilia msimamo, Marekani iliinyima nafuu ya kuuza nguo kwake mwaka 2018, na wengine tulirudi nyuma. Kiwanda cha nguo cha Urafiki tulichojengewa na Wachina mwaka 1968 kiko wapi leo? Kanga nyingi za dada zetu zinachapwa India. Mbunifu atamuuzia nani gauni la shilingi 80,000 wakati la mitumba ni 5,000?

Fundi wa Kariakoo
Hapa nitakushangaza. Mitumba ndiyo iliyonifundisha kushona koti. Nilinunua koti la mtumba, nikalifumua kwa wembe usiku kucha, kipande kimoja kimoja, nikaona jinsi bitana ilivyoachiwa mkunjo mdogo mgongoni ili mtu akinyoosha mikono isipasuke. Nikaviweka vipande vile juu ya gazeti, nikavichora, na patani zile ninazo mpaka leo.

Mwalimu wa Ushonaji
Nami hufanya hivyo hivyo darasani, kaka. Kila muhula nanunua makoti matano soko la Karume na kuwaambia wanafunzi wafumue.

Fundi wa Kariakoo
Basi unafundisha vizuri kuliko nilivyodhani. Na habari ya sare 300, kwa kuwa umeisema, ilinikuta mwenyewe. Nilipima watoto 112, shule ikachoka kunisubiri, kazi akapewa mwingine.

Muuza Vitenge
Mimi bado nasema kipaji kinatosha. Wateja wangu hununua kwa macho, hawaulizi diploma.

Mzazi wa Tabata
Nawashukuru nyote. Jana nilikwenda na binti yangu kwenye chuo hicho. Ukumbi wa mapokezi unapendeza, una kioo kikubwa na picha za wanamitindo ukuta mzima. Niliomba kuonyeshwa karakana, nikahesabu cherehani 9 kwa wanafunzi 34, na mbili kati yake zilikuwa zimefunikwa kwa sababu hazina mikanda. Nilipouliza somo la kupanga bei linafundishwa na nani, nilijibiwa kwamba mwalimu anatafutwa. Binti mwenyewe ndiye aliyesema tuondoke, na bado anaitaka fani ile ile.

Mwalimu, naomba kujua VETA inapokea maombi lini. Mpwani, vyuo vikuu vya kwenu vinachukua mwanafunzi mwenye matokeo ya kidato cha sita ya Tanzania? Nawe kaka Fundi, ungekubali kumkalisha kando yako miezi hii anaposubiri?

Fundi wa Kariakoo
Aje Jumatatu saa mbili asubuhi, aje na mkasi wake na futi kamba. Miezi ya mwanzo atafumua tu, asije akalalamika. Wewe Mhasibu, bado hujanijibu kuhusu darasa la saba.