Maumivu ya kiungo cha taya: tupeane uzoefu

Nakshi (mleta mada)
Habari wakuu. Jana nimekaa na mtu anakula, taya linamlia "ko, ko" kila akitafuna, nikaona niwaulize wenzangu. Nazungumzia kile kiungo kilicho mbele tu ya sikio. Changu kilianza kwa kulia, baadaye maumivu yakapanda hadi kichwani. Nilitibiwa sikio kwa muda mrefu, matone juu ya matone, kumbe sikio ni zima. Daktari wa meno ndiye aliyegundua: kaniambia nifungue mdomo, kaona taya linapinda kwenda kushoto, kaubonyeza msuli wa shavu nikaruka kwenye kiti. Akasema meno yamelika, nasaga usingizini. Mliopitia haya, nini kiliwasaidia bila kupasuliwa?

Bahari Shwari
Sikio! Na mimi walianza na sikio.

Chuma
Pole mkuu. Mimi nakaza meno mchana, nikiwa na kazi ya haraka ndiyo kabisa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinielekeza hivi: midomo ifungwe, meno yasigusane, ulimi utulie juu kwenye kaakaa. Meno ya juu na ya chini hayana haja ya kugusana kama hutafuni wala humezi. Nimebandika karatasi kwenye kompyuta imeandikwa MENO. Nikiiona tu, taya linalegea.

Tausi
Nyie mnaumwa, mimi lilichomoka kabisa! Nimeamka, nikapiga mwayo mmoja mzito, nikasikia kitu kimeruka pande zote mbili, mdomo ukabaki wazi. Sifungi, sisemi, udenda unachuruzika hadi kifuani. Mwanangu akadhani namchezea, akacheka. Alipoona machozi, akaanza kulia na yeye. Nikaandika kwenye simu "hospitali" nikamwonyesha baba yake. Daktari alivaa glavu, akaviringishia vidole gumba bandeji nene, akaviweka ndani juu ya magego ya chini, akakandamiza kwenda chini halafu akasukuma nyuma. Likaingia! Nilimshika mkono yule daktari sikutaka kumwachia. Sasa mwayo ukija naweka ngumi chini ya kidevu.

Bahari Shwari
Mungu wangu. Mwayo tu?

Kijana wa Leo
Sasa Tausi, hapo mtu hawezi kujirudishia mwenyewe nyumbani?

Fundi Mambo
Anaweza. Nilishuhudia mtu akirudishiwa palepale, akapona.

Nesi Mstaafu
Fundi, usiwaingize watu matatani. Misuli ikishakaza, mara nyingi lazima apewe dawa ya kuilegeza kwanza. Likirudi linajifunga kwa nguvu, ndiyo maana daktari alivifunga vidole vyake. Na kama mtu kaanguka au kapigwa, huenda mfupa umevunjika, wewe unasukuma nini?

Fundi Mambo
Nimesema nilichokiona.

Nakshi
Wakuu, turudi kwa wanaoumwa jamani. Kinga ya meno ya kulalia, kuna aliyeitumia?

Chuma
Mimi ninayo. Walichukua vipimo vya meno, wakatengeneza ya plastiki ngumu. Naamka kichwa chepesi.

Bahari Shwari
Mimi nayo hamna kitu. Kilichonisaidia ni kitambaa cha moto shavuni jioni, vyakula laini, na kuacha bigijii.

Fundi Mambo
Bigijii ndiyo zoezi lenyewe, inakomaza misuli.

Bahari Shwari
Fundi, acha kupotosha! Msuli umechoka, unauongezea kazi?

Nesi Mstaafu
Bahari yuko sahihi. Wengi hupata nafuu kwa hayo hayo: vyakula laini, joto, mazoezi mepesi, na dawa ya maumivu kama ibuprofen kwa siku chache, kama huna vidonda vya tumbo wala shida ya figo. Kinga inalinda meno yasilike, lakini maumivu haimwondolei kila mtu. Mtu akitaka kukusaga meno ili "yakae sawa", kataa kwanza, maana jino likishasagwa halirudi. Na sikilizeni: taya likiuma pamoja na kifua kubana na jasho, huo ni moyo, kimbia hospitali. Una kidonda na taya linakaza, fikiria pepopunda. Umepita miaka 50, kutafuna kunauma, panda la uso linagonga na macho yanafifia, nenda siku hiyo hiyo.

Kijana wa Leo
Langu linalia lakini haliumi. Nitibiwe?

Nesi Mstaafu
Kama haliumi wala halikwami, liache. Jipime: simamisha vidole vitatu kati ya meno ya mbele, juu na chini. Vikiingia, mdomo unafunguka vizuri.

Kijana wa Leo
Vimeingia.

Nakshi
Vyangu vinaingia viwili, cha tatu kinagoma. Chuma, nitumie inbox hayo mazoezi.