Chui wa Unguja: tufunge kamera au tumwache?

Mpigapicha wa Ilala: Wakuu, 2018 kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani kilionyesha video ya usiku: mnyama anapita mbele ya kamera huko Unguja, wakasema ni chui aliyedhaniwa ametoweka. Sekunde chache tu. Nashauri tufunge kamera zetu msitu wa Jozani, tuweke na mbuzi awe chambo, ubishi uishe. Wenyeji wasiogope, siku hizi nani anaamini chui wa kufugwa na wachawi?

Mjukuu wa Pete: Hilo la mwisho limenichoma. Bibi yangu akisikia mlio usiku huwaingiza mbuzi ndani, anatia komeo. Kwa imani hiyo unayoiona ndogo, baada ya Mapinduzi ya 1964 chui walisakwa, mganga Kitanzi yuko mbele. Waliuawa kwa kuambiwa ni wa wachawi.

Mpigapicha wa Ilala: Sijadharau mtu. Nimeuliza habari ya chambo.

Bi Mkarafuu: Umedharau, bwana. Na wewe Mjukuu usimtupie Kitanzi peke yake, watu walishangilia. Kwetu mzee mmoja alisusiwa hata mazikoni kwa neno tu, kwamba "ana chui". Hajawahi kufuga hata paka.

Mjukuu wa Pete: Nani kakwambia nimewatetea walioshangilia? Soma kwanza!

Fundi Kamera: Jamani, Jozani ni hifadhi ya taifa tangu 2004, mbuzi hafungwi mle kiholela. Na chambo kitaleta mbwa wa vijijini, wamkute paa nunga, yule paa mdogo adimu. Chui wa Unguja alipewa jina la kisayansi 1932, madoa yake madogo kuliko ya wa bara. Ushahidi ni madoa ya ubavuni, basi funga kamera mbili zinazotazamana, kimo cha goti, kwenye njia ya wanyama. Mimi nimefunga hivyo. Asubuhi kioo kina umande, sisimizi wamehamia kwenye betri, na picha zote ni ngawa.

Bi Mkarafuu: Na akionekana kweli? Mtatangaza mahali?

Fundi Kamera: Hapana. Mahali pasitajwe kabisa.

Mpigapicha wa Ilala: Mbuzi nimemwacha. Mjukuu, samahani kwa neno langu. Huo mlio bibi aliusikia lini?

Mjukuu wa Pete: Yumo humu ndani, nimemuuliza. Anasema mwaka aliomzaa mama. Mbuzi bado analala nao ndani.