Nataka kununua Toyota IST ya mkononi, nikague nini kabla sijatoa hela?

Mwalimu wa Marangu
Wakuu habari za leo. Naishi Moshi, nafundisha Marangu, na kila siku napanda Hiace hadi Himo halafu nabadilisha gari. Mvua zikianza nafika shule nimelowa na nimechelewa. Nimejichanga nikafikisha milioni 11, na sasa nimepata IST ya mwaka 2005, namba D (herufi za namba yake ya usajili zinaanza na D), rangi ya silva, kilomita 98,000. Ipo Arusha, Sakina. Nimeiona kwenye picha tu, ndani ni safi sana.

Dalali anasema kuna mteja anatoka Babati kesho kutwa, kwa hiyo nitume laki tano ya kishika uchumba leo nisije nikaikosa. Kadi ya umiliki wa gari ipo Dar kwa kaka yake muuzaji, italetwa nikishalipa. Jumamosi naweza kwenda Arusha. Magari siyajui, naomba mnieleze nikague nini nisije nikaingizwa mjini.

Kaka Mkubwa Pasua
Dada, usitume hata mia. Huyo mteja wa Babati kila dalali anaye. IST zimejaa Arusha na Moshi, hiyo ikiuzwa utapata nyingine.

Fundi Soweto
Mwalimu, pole na usafiri. Mimi ni fundi hapa Moshi na IST ndizo ninazozifungua sana, kwa hiyo niwie radhi nikiandika kwa urefu.

Kwanza mwambie muuzaji unataka uikute gari haijawashwa. Nenda asubuhi mapema, ukifika weka kiganja juu ya boneti. Ukikuta ya moto ujue ameshaipasha, na gari iliyopashwa inaficha mengi: kuwaka kwa shida, kelele za cheni ya taimingi, moshi wa mwanzo. Ikiwa ya baridi, fungua kifuniko cha rejeta (usithubutu kukifungua injini ikiwa ya moto, utaungua). Ukikuta maji ya kutu, au mafuta yanaelea juu, gari hiyo ilishachemsha. Kisha chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa imeingiwa na maji, mara nyingi gasketi ya silinda hedi imekwenda. Hapo aga kwa adabu uondoke.

Halafu ageuze swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini na ya eabegi ziwake, na zizime injini ikishanguruma. Watu wengi wanaridhika wakiona hakuna taa, kumbe balbu ilishachomolewa.

Ikishawaka simama nyuma. Moshi wa bluu, inakula oili. Mweusi, petroli haiungui sawasawa. Mweupe mwepesi kwenye baridi ya Arusha ni mvuke tu, usiogope, ila ukiwa mzito na haukatiki hata injini ikishapata moto, maji yanaingia kwenye silinda.

Sasa feni, hapa ndipo wengi wanalizwa. Feni ya IST inajiwasha yenyewe joto likipanda, kisha inapumzika. Ukiona inazunguka muda wote tangu swichi igeuzwe, na AC imezimwa, kuna fundi ameiunga direkti, na mara nyingi ameshang'oa na thamostati (kifaa kinachodhibiti mzunguko wa maji ya kupoza injini). Maana yake gari ilikuwa inachemsha, wakatafuta njia ya kuituliza hadi iuzwe. Kwenye lami tambarare ya Sakina hutaona kitu. Utaona ukishaanza kupandisha kutoka Himo.

Ndiyo maana nasema ukiijaribu, panda nayo kuelekea Ilboru, mkiwa watatu ndani, AC imewashwa. Gia boksi ya IST hizo ni otomatiki ya gia nne, inabadili bila kushtuka. Injini ikipiga kelele ila mwendo hauongezeki, au ukiweka R (gia ya kurudi nyuma) inachelewa kushika, gia boksi inaelekea mwisho. Oili yake iwe nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, iache.

Mama Usa River
Nyongeza kwa alivyosema fundi. Gari safi kwenye picha isikudanganye, angalia kama imegongwa. Fungua boneti utazame bolti zinazoshika fenda na bawaba za boneti. Kama hazijawahi kuguswa, rangi juu ya vichwa vyake imekaa vilevile. Zilizofunguliwa zina michubuko ya spana pembeni, huwezi kuikosa ukiinama. Kisha inua zulia la buti, toa tairi la spea, papasa sakafu. Mikunjo na alama za kuchomelea hazitoki kiwandani. Beba na sumaku ndogo, ifunge kitambaa usikwaruze rangi, ipitishe kwenye milango. Pasiposhika, chini yake kuna pati ya kuzibia palipobonyea.

Kuhusu kilomita 98,000, inawezekana, ila kuzirudisha nyuma ni kazi ya dakika chache. Angalia raba ya pedali ya breki na ngozi ya usukani. Raba ikiwa imelika mpaka mistari imefutika, hiyo gari imetembea. Na namba D inakuambia iliandikishwa lini Tanzania, haikuambii ilitengenezwa lini.

Tairi usome tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni mwake: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zote nne zikiwa zimechakaa, punguza bei hapo hapo.

Karani Kaloleni
Mmeeleza vizuri, lakini mimi kinachonitisha hapa ni kadi. Injini mbovu utaifungua, utabadilisha, maisha yataendelea. Gari yenye kadi ya utata utailipia hela yako yote na isiwe yako.

Mwalimu, kadi iliyo Dar inaweza kuwa rehani kwenye mkopo. Inaweza kuwa ya mtu ambaye hana habari kwamba gari yake inauzwa. Inaweza pia kuwa kweli ipo kwa kaka, lakini kama jina kwenye kadi ni la kaka, basi muuzaji ni kaka, na ndiye wa kusaini. Huyo wa Sakina amekushikia funguo tu. Na kama mwenye jina alishafariki, anayeuza ni msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama.

Shika kadi halisi mkononi, kopi hapana. Linganisha na kitambulisho cha NIDA cha muuzaji. Kisha linganisha namba ya chasisi kwenye kadi na iliyogongwa kwenye bati nyuma ya injini: IST yenye injini ya cc 1300 inaanza na NCP60, ya cc 1500 NCP61. Pafute vumbi kwa kitambaa, uangalie kama bati limekwanguliwa au tarakimu zimekaa upande. Namba ya injini nayo ilingane. Huku kwetu Holili na Namanga ni karibu, zipo gari zilizoingia bila ushuru, na TRA wakiikamata anayepata hasara ni wewe uliye nayo.

Faini za trafiki zinaonekana kwenye mfumo wa polisi ukiingiza namba ya gari. Stika ya bima ihakiki kwa TIRA, mamlaka ya bima. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, hela iingie kwenye akaunti ya mwenye jina la kadi, na mwende TRA pamoja kubadilisha umiliki kabla hamjaachana. Ukimwacha aondoke, kumpata tena ni kazi.

Mangi Kibosho
Kwa milima ya huko tafuta RAV4, IST ipo chini mno.

Fundi Soweto
Mangi, Himo hadi Marangu ni lami. RAV4 ya milioni 11 itakuwa imechoka, na mwalimu atahamia gereji. IST inamtosha, ila achague ya 1500, mlimani ina nguvu zaidi.

Mwalimu wa Marangu
Asanteni sana wote. Nimempigia dalali, nimemwambia Jumamosi nataka nikute kadi na mwenye jina. Ameshusha hadi milioni 10 ila kadi anasema bado haiwezekani. Nimeachana naye.

Mwalimu mwenzangu ameniunganisha na mama mmoja wa Shanty Town hapa Moshi anauza IST. Kadi ina jina lake, chasisi NCP61, ila ina kilomita 160,000 na bampa la nyuma limebonyea. Anataka milioni 10 na nusu. Kilomita hizo si nyingi sana?

Mama Usa River
160,000 za kweli ni bora kuliko 98,000 za mashine. Muulize kama ana risiti za sevisi.

Fundi Soweto
Nami nasema hivyo. Injini ya 1NZ, yaani hiyo ya 1500, iliyobadilishwa oili kwa wakati haitishiki na kilomita hizo. Bampa ni plastiki, linarudi, ila nitatazama bati nyuma yake. Jumapili saa moja asubuhi nina nafasi, nitakuja na mashine ya kupimia na jeki, tuangalie na bushi na shokapu. Nitumie namba yako ya simu inboksi. Njoo na hela ya ukaguzi tu, ya kununulia iache benki hadi Jumatatu TRA wafungue.