Tamthilia ya mafumbo iliyokuvunja moyo: tupeane uzoefu

Mkesha
Wakuu, jana nilikuwa nachambua makaratasi ya zamani, nikakutana na daftari langu la Lost, ile tamthilia ya abiria walioanguka na ndege kisiwani. Wa rika langu mmeshaelewa. Lile la maswali. Kushoto unaandika swali, kulia unaacha nafasi ya jibu. Nimehesabu: maswali 63, yenye jibu 19. Zile namba za fumbo zilizojirudia kwenye tamthilia, 4, 8, 15, 16, 23, 42, zimeandikwa juu ya jalada kwa wino mwekundu na kupigiwa mstari mara mbili, utadhani nilikuwa naenda kuzifanyia mtihani.

Kilichoniuma si yale maswali 44 yaliyobaki. Ni ukurasa mmoja wa Walt, yule mtoto wa kisiwani. Nimeandika: "Huyu mtoto ana nini? Kwa nini ndege alijigonga dirishani wakati amekasirika?" Chini yake nimeacha nusu ukurasa mzima wa jibu. Mwisho wa msimu wa kwanza, 2005, wakamnyakua kutoka kwenye chelezo, baba yake anabaki majini anapiga kelele za jina lake. Nikasema sasa tutajua. Sikujua. Kisiwani zilikuwa zimepita siku chache tu, na mwigizaji mwenyewe anarefuka kila ukimwangalia, basi wakamsogeza pembeni. Sawa, mtoto hukua, hana kosa. Lakini aliyeandika hakujua kwamba mtoto wa miaka kumi atakua? Kwa nini umtwishe fumbo zito namna ile halafu umwache?

Tupeane uzoefu. Nani aliachwa njiani kama mimi? Semeni tamthilia, na mhusika gani hasa.

Kisiki
Eko wa Lost. Sina la kuongeza.

Nahodha2
Kisiki umenikumbusha kidonda. Lile jitu, fimbo yake imechorwa maandiko, anatembea kimya, ukimwona unajua huyu ana safari ndefu. Wakamuua mwanzoni mwa msimu wa 3. Najua mwigizaji mwenyewe ndiye aliyeomba kuondoka, sina ugomvi naye. Ila ule moshi mweusi, lile zimwi la kisiwani, ulimuua kama vile haikuwahi kuwa na maana yoyote kwamba mara ya kwanza walitazamana uso kwa uso naye hakukimbia. Tukio lile lilikuwa ahadi. Ahadi ikafa naye.

Bi Makini
Mimi ni ya Pretty Little Liars, mtanisamehe mnaoiona ya watoto. Tulikuwa wasichana wanne tunaifuatilia, kila mmoja na mshukiwa wake. Nani ni "A", yule asiyejulikana anayewatisha wasichana kwa ujumbe? Mwisho wa msimu wa pili, 2012, wakatuambia ni Mona. Tukapiga vigelegele, kwa sababu ile ilikuwa imepikwa ikaiva. Ukirudi nyuma unaona alama zote. Kumbe huo ndio ulikuwa mwanzo wa kuzungushwa. 2015 A mwingine. 2017 mwingine tena, na safari hii ni pacha wa Spencer, mmoja wa wale wasichana, ambaye hatukuwahi kusikia habari zake. Sehemu 160, misimu 7, jibu ni PACHA. Mtu ambaye hakuwepo, ungemshukuje? Sisi wanne tuliacha kujadiliana usiku uleule. Hakuna aliyekasirika kwa sauti. Tuliishiwa tu maneno.

Taa Nyekundu
Pacha ni wizi. Kweli kabisa.

Fundi Saa
Nimeandika na kufuta mara tatu. Ngoja nieleze ya The Mentalist, maana nilikaa nayo tangu 2008 na hadi leo nikiona uso wa tabasamu umechorwa mahali popote moyo unashtuka.

Patrick Jane, anayewasaidia polisi kupeleleza, aliuliwa mke na binti na muuaji anayejiita Red John. Anaingia chumbani, ukutani kuna tabasamu la damu. Kila kitu kinatoka hapo: kicheko chake, chai yake, suti moja, kulala kwenye kochi kazini kwa sababu nyumbani hakulaliki. Mwisho wa msimu wa 3 akampiga mtu risasi hadharani akiamini ndiye. Nilisimama. Nilikaa kitandani nikiwaza: huyu mtu amemaliza kazi ya maisha yake, sasa ataishije? Hilo ndilo swali lililonifanya nirudi. Kumbe siye. Haya, nikameza.

Msimu wa 5 unaisha, tunapewa orodha ya washukiwa 7. Na Red John ameyajua majina yote saba kabla Jane hajamwambia mtu. Hapo nilichanganyikiwa kwa furaha. Nikarudia misimu yote kutoka mwanzo, nikiandika nani alishikana mikono na Jane, nani alikuwa wapi. Wiki tatu.

Novemba 2013 jibu likaja: sherifu McAllister. Alipita kwenye sehemu moja ya mwanzoni kabisa, kisha hatukumsikia mpaka mambo yanaelekea ukingoni. Yule mwenye wafuasi kila kona, mwenye akili ya kumzidi Jane kwa miaka, ndiye huyu? Na majina saba aliyajuaje? Hakuna maelezo ya kumshibisha mtu aliyekesha.

Lakini jibu baya naweza kulisamehe. Mwandishi hukosea kama binadamu yeyote. Ninachoshindwa kusamehe ni kwamba walimfanya Jane awe mjinga kwa sehemu kadhaa ili fumbo lisogee mbele. Mtu anayesoma uongo kwenye kope za macho anashindwa kuona kitu ambacho mimi nimekiona nikiwa nakula. Hapo ndipo waliponipoteza. Fumbo ni la mwandishi, achezee atakavyo. Jane alikuwa wetu.

Mkesha
Fundi Saa, hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta jana sikupata maneno yake.

Mzee wa Rimoti
Mnalalamika sana. Lost iliisha vizuri. Ilihusu watu, haikuhusu namba. Aliyetaka majibu ya namba akasome hesabu.

Kisiki
Iliisha vizuri wapi, wakati walikuwa wamekufa tangu ndege inaanguka? Misimu sita tunawaangalia maiti.

Mzee wa Rimoti
Hawakuwa wamekufa! Ndiyo maana nasema watu hawaangalii. Baba yake Jack, yule daktari mhusika mkuu, anamwambia mwanawe waziwazi, mle kanisani, kwamba yote yaliyotokea yalitokea kweli. Kisiwa kilikuwa kweli. Ile hadithi ya pembeni ya msimu wa 6 tu ndiyo mahali pa kukutana baada ya kufa, kila mmoja kwa wakati wake.

Kisiki
Na mabaki ya ndege yaliyoonyeshwa mwishoni kabisa, ufukwe mtupu hauna mtu?

Mzee wa Rimoti
Picha zile kituo ndicho kiliziweka wakati majina yanapita, ili mtazamaji apumue kidogo kabla ya taarifa ya habari. Hazikuwa sehemu ya hadithi. Zikawapotosha watu wengi, na wewe ukiwemo.

Kisiki
Kama hadithi inaweza kupotoshwa na picha za nusu dakika basi haikusimama imara.

Nahodha2
Nyie wawili mmeshagombana jambo hilihili kwenye mada nyingine. Waacheni wenzenu waseme.

Chausiku
Nimesoma kimya tangu asubuhi, na sikupanga kuandika. Neno "kuachwa njiani" ndilo limenitoa.

2011 mama yangu alilazwa kwa muda mrefu. Usiku alikuwa hapati usingizi kwa maumivu, na redio ilimchosha. Nikawa nakwenda na kompyuta yangu, tunaangalia The Killing, mimi namtafsiria kwa sauti ya chini ili wagonjwa wengine walale. Msichana wa miaka 17, Rosie Larsen, anakutwa ndani ya buti la gari lililozamishwa ziwani. Mvua haikati. Kila sehemu ni siku moja ya upelelezi, kwa hiyo tukajiwekea sehemu moja kila usiku, tukaishi nao siku kwa siku.

Mama hakujali sana muuaji ni nani. Alikuwa anamwangalia mama yake Rosie. Yule mama anaingia kwenye beseni la kuogea, anajizamisha chini ya maji ajaribu kuelewa mwanawe alihisi nini. Mama akaniambia simamisha. Nikasimamisha. Tukakaa. Baadaye akasema, "Endelea, lakini shika mkono wangu."

Kisha akampenda mwalimu Bennet. Ushahidi wote ulimwelekea, na mimi nilikuwa nimeshamhukumu. Mama akasema, "Huyu mwalimu hana kosa. Ana siri, lakini si hiyo. Mwangalie anavyomtazama mkewe." Baba yake Rosie akampiga yule mwalimu nusu afe, halafu ndiyo polisi wakagundua kwamba alikuwa anamsaidia binti mwingine kabisa kutoroka ndoa ya kulazimishwa. Mama alilia. Alimlilia mwalimu na akamlilia baba pia. Akasema wote wawili ni baba, tumbo la uchungu ni moja.

Tukafika sehemu ya 13, ya mwisho. Tumengoja usiku 13. Mabango yao yote yalikuwa yanauliza nani alimuua Rosie Larsen. Haikujibiwa. Mpelelezi Linden yuko ndani ya ndege anapigiwa simu kwamba picha iliyomtia mtu hatiani haiwezi kuwa ya kweli, mwenzake Holder anageuka mtu tusiyemjua, skrini inakuwa nyeusi. Mama akaniangalia, akauliza, "Imekwisha?" Nikamwambia imekwisha mpaka mwakani. Akanyamaza, halafu akasema, "Na mwalimu? Ameamka?"

Nikamwambia tutaona msimu wa pili.

Msimu wa pili ulianza Aprili 2012. Mama alifariki Januari.

Sijawahi kuuangalia. Watu husema ni tamthilia tu. Mimi niliahidi kwa niaba yao.

Bi Makini
Pole sana dada Chausiku. Nimeweka simu chini.

Taa Nyekundu
Mwenyezi Mungu amrehemu mama. Mimi ya kwangu nilitaka kuandika, naiacha.

Fundi Saa
Pole mno. Na nikuthibitishie kwamba hasira yako ina msingi. Ile walichukua ya Denmark, Forbrydelsen ya 2007. Kule sehemu zilikuwa 20, ndefu kweli, lakini muuaji akajulikana msimu huohuo wa kwanza. Kwa hiyo aliyeijua ile ya asili aliketi akitegemea jibu. Hata asiyeijua, ukimwuliza swali kwenye bango kila wiki, unadaiwa.

Mzee wa Rimoti
Dada, pole kwa msiba. Ila niseme upande wa pili, si kwa kukupinga wewe. Twin Peaks watu walidai jibu, kituo kikashinikiza, Novemba 1990 muuaji wa Laura Palmer akafichuliwa katikati ya msimu wa pili. Watazamaji wakaondoka, 1991 ikakatwa. Lynch, mmoja wa waliyoitunga, hakutaka kufichua kabisa. Ukitoa jibu mapema unaua, ukichelewesha unalaumiwa.

Kisiki
Usitoe somo sasa hivi mzee, kuna mtu anaomboleza.

Mzee wa Rimoti
Nimesema si kumpinga.

Chausiku
Aendelee tu, mama angempenda. Alipenda watu wabishi.

Nahodha2
Dada, msimu wa pili unajibu. Muuaji anajulikana mwishoni, Juni 2012, na kwa kweli ni

Bi Makini
USIMWAGE MTAMA! Futa! Ndiyo kwanza amesema hajaangalia!

Nahodha2
Nilitaka kusema "ni tukio zito sana". Hata hivyo ni tamthilia ya 2012, mtama wa miaka yote hiyo si umeshaota na kuvunwa? Na wewe mwenyewe hapo juu umetaja pacha bila hata kuonya.

Bi Makini
Ya pacha nimeimwaga makusudi, niwaokoe wengine. Hii ni tofauti na unajua ni tofauti.

Nahodha2
Hapo sawa. Nimekubali.

Taa Nyekundu
Ushauri wangu kwa wote: usianze tamthilia ya fumbo mpaka imalizike yote. Dark nimeianza ilipokwisha 2020, misimu 3, sehemu 26. Waandishi walijua watafika wapi toka awali. Nililala vizuri.

Kisiki
Ukingoja iishe utamwagiwa mtama na wenzio. Angalia siku ileile au usiangalie kabisa.

Fundi Saa
Chagueni fupi. Broadchurch msimu wa kwanza, 2013, sehemu 8 na jibu ndani. Hata waigizaji wengi walifichwa nani ni nani mpaka karibu na mwisho, na bado ukirudi nyuma kila uso unaeleweka. Sitataja jina. Wahusika wale hawakupindwa ili fumbo lipite, lile jibu liliwavunja kwa sababu walikuwa watu kamili.

Mkesha
Mimi nashauri daftari. Andika. Hata wasipojibu, yale maswali yalikuwa yako. Chausiku, samahani kwamba mada yangu imekurudisha kule.

Chausiku
Usiombe samahani. Miaka yote hii nilikuwa sijamsimulia mtu habari ya lile beseni.

Nina ombi. Nahodha2, naona umeuangalia msimu wa pili. Sitaki kujua muuaji, hata leo. Nataka kitu kimoja tu. Mwalimu Bennet, aliamka?

Bi Makini
Usimjibu hapa.

Nahodha2
Nimekutumia pembeni, dada.

Chausiku
Nimesoma. Asante.