Shoga mweusi alikuwa upande gani?

Mwanakwetu: Wakuu, nauliza kwa nia njema. Simon Nkoli, shoga mweusi wa Afrika Kusini, mzaliwa wa Soweto, alikamatwa 1984 baada ya machafuko ya vitongoji vya Vaal, akaunganishwa na wapinga ubaguzi akina Lekota na Popo Molefe kwenye kesi ya uhaini ya Delmas, washtakiwa 22. Chama chake cha mashoga, GASA, wengi wao wazungu, kikamkaushia: eti hakiingii siasa. Gerezani nako, weusi wenzake walipojua ni shoga, baadhi hawakutaka washtakiwe naye. Je, harakati hizi mbili, ya kupinga ubaguzi wa rangi na ya haki za mashoga, zinaweza kubebana kweli?

Mtu wa Pwani: Haziwezi. Sharpeville 1960 polisi waliua weusi 69 siku moja, hao wengine wanadai mambo ya chumbani. Halafu 1990 walipoandamana Johannesburg wengine walijivika mifuko ya karatasi kichwani. Mpigania haki gani anaficha sura? Waoga tu.

Dada wa Yeoville: Kaka, hilo neno lirudishe. Nimeishi Johannesburg miaka tisa na mwenye nyumba wangu alikuwemo siku ile. Mwalimu. Alinionyesha kwa vidole alivyotoboa matundu mawili ya macho, na jinsi pumzi ilivyoilowesha karatasi ikamganda mdomoni. Jumatatu alitakiwa asimame mbele ya darasa, na sheria ya kuwafunga ilikuwa bado ipo.

Mtu wa Pwani: Pole yake. Ila Mandela hakujificha.

Juma K: Hakujificha? Si alijifanya dereva, akajiita David Motsamayi, mpaka wakamnasa 1962! Mwaka huohuo alipita hapa Dar kuonana na Mwalimu, hana hata pasipoti.

Mtu wa Pwani: Usimlinganishe Madiba na watu hao. Nakuomba kabisa.

Juma K: Wewe ndiye uliyemleta.

Mwanakwetu: Jamani, mada. Kuna la 2012 pia: wanawake weusi walilala barabarani Rosebank, katikati ya gwaride la mashoga, wakaomba dakika moja ya kimya kwa wasagaji waliouawa vitongojini. Waandaaji wakawajia juu, wakataka kuwapitia na magari. Dakika moja tu! Hilo linaniuma kuliko la GASA, maana hapo Katiba ya 1996 ilikuwa imeshawalinda wote.

Bi Mkubwa Tanga: Wanangu, Lekota yuleyule wa Delmas baadaye alisema mtu aliyesukuma gurudumu pamoja nao hawawezi kumbagua. Walikaa naye, wakamjua.

Mtu wa Pwani: Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi namjibu huyu dada. Huyo mwenye nyumba wako wakati weusi wanapigwa risasi alikuwa wapi? Au ndio ilikuwa "sisi hatuingii siasa"?

Dada wa Yeoville: Alikuwa Mtswana wa Mafikeng, kaka. Mweusi kama mimi na wewe. Ndugu yake alifungwa Robben Island, na yeye ndiye aliyekuwa akimlelea watoto. Nani alikwambia ni mzungu?