Wasimamizi wa seva mnaofuta matawi ya watu, mnataka tufanyeje kazi kwenye mashine mbili?

Wakuu, nina hasira, nivumilieni.

Ofisini natumia desktopu, nyumbani laptopu. Zote mali ya kampuni, zote zimesajiliwa. Bosi anataka hitilafu ikitokea usiku niwe hewani. Haya. Kazi niliyoiacha nusu jioni inanifuataje nyumbani? Tunatumia Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo. Nilikuwa naipushi (naipandisha kwenye seva) kwenye tawi, yaani mstari wa kazi ulio kando, lenye jina langu mwanzoni; haligusi main, tawi kuu, wala halimsumbui mtu. Juzi nafika nyumbani, nafungua VPN ya kuingia mtandao wa ofisi, navuta: tawi hakuna. Msimamizi wa seva "amefanya usafi". Komiti zangu (mabadiliko niliyokwisha kuyarekodi kwenye Git) ziko kwenye desktopu iliyozimwa, ofisi imefungwa. Kumuuliza, ananijibu eti seva ni ya kazi iliyokamilika, mambo binafsi kila mtu akae nayo kwake.

Kwake wapi? Flashi marufuku. Akaunti za nje marufuku, na hilo sina ugomvi nalo, msimbo wa kampuni hauzururishwi. Kuingia kwenye desktopu kwa SSH (njia ya kuiendesha mashine ukiwa mbali) kutoka nyumbani, mlango umefungwa. Nikaomba basi repo (hazina ya Git) tupu ya peke yangu pale pale kwenye seva, `git init --bare`, amri moja tu. Akakataa, eti kila mtu atataka yake. Si waipate! Kuna ubaya gani?

Halafu usafi gani huo? Tawi kwenye Git ni kifaili chenye herufi 40 zinazoelekeza kwenye komiti. Matawi kumi hayafikishi hata kilobaiti moja. Na komiti zenyewe hazirudufu mradi mzima. Faili ambalo hukuligusa halihifadhiwi upya. Kama kinachokukera ni orodha ndefu, `git branch --merged` itakuonyesha yaliyokwisha kuunganishwa. Futa hayo, acha ya watu walio katikati ya kazi. Kama ni mashine ya kujenga programu inayoamka kila mtu akipushi, iambie isikilize main na matawi ya matoleo tu. Mistari michache kwenye faili la mipangilio, kaka.

Sasa kabla hamjaanza: kuna mshauri hapa kila siku anasema "weka mradi kwenye folda ya wingu, itajisawazisha". Ndugu yangu, .git, folda ambamo Git hutunza historia yote, si rundo la nyaraka za Word. Git huandika objekti (data yenyewe ya faili na komiti) kwanza, ndipo ikaandika rejea (kama kile kifaili cha tawi) inayoelekeza kwenye objekti hiyo. Programu ya kusawazisha haijui mpangilio huo, inapandisha lolote iliyolikuta mbele. Upande wa pili unapokea rejea ya komiti ambayo objekti yake haijafika. Mashine zote mbili zikigusa index (faili la Git linaloorodhesha yatakayoingia kwenye komiti ijayo) kwa pamoja, unapewa nakala ya mgongano. Nakala hiyo ikiangukia ndani ya refs, folda ya rejea, Git inaanza kulalamikia majina ambayo hujawahi kuyatunga. Kwa bando letu hili linalokatika katikati, ni suala la muda tu.

Na wewe unayesema "weka kwenye stashi" (kabati la muda la Git la kazi ambayo hujaikomiti), kaa chini. Stashi inabaki kwenye mashine ulipoiweka; push ya kawaida haiibebi. Hata .git/info/exclude (orodha yako ya faili za kupuuzwa) na hook zako (skripti zinazojiendesha Git ikifanya jambo) ndani ya .git/hooks, kloni, yaani nakala mpya ya repo, haizichukui. Vitu vinavyokurahisishia kazi mashine moja ndivyo visivyovuka kwenda ya pili, ndiyo maana nang'ang'ania tawi.

Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alitengeneza Git Aprili 2005, baada ya watu wa Linux kunyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper, programu waliyokuwa wakitunzia msimbo wao. Kila msanidi awe na nakala kamili, na isiwepo seva moja ya kutawala wote. Leo tumeichukua tukaigeuza seva kuwa sebule ya wageni, huruhusiwi hata kuweka mkoba.

Kwa sasa nafunga komiti zangu kwa `git bundle`, faili moja, naliacha kwenye diski ya pamoja ya ofisi (ile iliyojaa picha za sherehe ya mwaka jana, hizo hazifanyiwi usafi), nikifika nyumbani navuta kutoka humo. Inafanya kazi. Lakini kila jioni, kwa mkono, kwa sababu ya kifaili cha herufi 40?

Waliowahi kumshinda msimamizi wa namna hii, semeni mlipitia kwa nani: bosi wa idara au watu wa usalama wa mifumo? Na kama kuna mtu ana sera ya ofisi yake iliyoandikwa kuhusu matawi binafsi, aibandike hapa, nitaichapisha nimpelekee Jumatatu.